Majibu kwa Wasomaji: Suruali ya Jinzi kwa Mwenye Fedha Kidogo

Barua nyingi zilizoifikia safu hii tangu vyuo vifunguliwe zinahusu vazi moja, suruali ya jinzi, na karibu zote zinauliza jambo lile lile kwa maneno tofauti: mtu mwenye fedha kidogo afanyeje ili asirudi nyumbani na suruali itakayopauka, kupinda au kuchanika kabla hajaizoea? Nimechagua barua ambazo majibu yake yatawafaa wengi, na baadhi nimezifupisha bila kubadili maana. Msimamo wangu utaonekana katika kila jibu, lakini ni vema niutaje mapema: fedha kidogo zinunue kitambaa kizuri, pamoja na vipimo ambavyo fundi cherehani hawezi kuvirekebisha. Nembo, mapambo ya mifuko na rangi iliyo katika fasheni mwaka huu ni mambo ya kufikiriwa baada ya hayo mawili kutimia.

Mpya mbili au mtumba mmoja?

Swali: Shikamoo mshauri. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza chuoni hapa Morogoro. Nimejiwekea akiba ya shilingi 30,000 kwa ajili ya jinzi ya kuvaa darasani na mitaani. Marafiki zangu wananishauri ninunue mpya mbili za shilingi 15,000 kila moja, lakini kaka yangu anasisitiza nitafute mtumba mmoja mzuri. Nimsikilize nani?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Katika hili kaka yako yuko sahihi, ila nisingependa umfuate kwa sababu tu ni kaka. Ni bora uelewe anachokiona.

Kitambaa cha jinzi hufumwa kwa nyuzi za pamba za namna mbili. Nyuzi za mtande, yaani zile zinazokwenda kwa urefu, hutiwa rangi ya nili, na nyuzi za mshindio, zinazokatiza kwa upana, huachwa bila rangi. Ndiyo maana suruali huwa ya buluu kwa nje na nyeupe-nyeupe kwa ndani. Uimara wake hutegemea unene wa nyuzi hizo na jinsi zilivyobanana, na viwandani hupimwa kwa wakia katika kila yadi ya mraba. Kitambaa cha wakia 8 au 9 kinafaa zaidi kwa shati, na suruali ya kuvaliwa mara kwa mara huhitaji wakia 11 hadi 14 hivi. Sokoni hakuna atakayekutajia kipimo hicho, lakini mkono hujifunza upesi. Shika paja la suruali, likunje ndani ya ngumi, kisha liachie: kitambaa chenye pamba nyingi hujaa mkononi na hubaki na mikunjo kwa muda, lakini chembamba chenye poliesta nyingi huteleza na kunyooka mara moja. Rudia jambo hilo kwenye suruali tano au sita zilizotundikwa pamoja, na tofauti itajitokeza bila ya mtu kukueleza.

Tatizo la jinzi mpya za bei ya chini kabisa ni kwamba nyingi hushonwa kwa kitambaa chembamba, kisha hutiwa wanga ili kionekane kizito kikiwa dukani. Wanga huo huisha mara ya kwanza unapofua, nawe unabaki na suruali laini kama shuka, inayotokeza umbo la magoti hata ukisimama. Kwa hiyo, ukiwa dukani, sugua sehemu ndogo ya ndani kwa kidole gumba kwa nguvu. Ikilainika upesi na kutofautiana na sehemu za jirani, umeshaujua ukweli. Chukua pia leso nyeupe iliyoloweshwa kidogo uipitishe juu ya paja. Rangi kidogo itatoka hata kwenye jinzi nzuri, kwa sababu nili hukaa juu ya uzi na haizami hadi kiini chake, lakini leso ikigeuka buluu iliyokolea kwa mpapaso mmoja, suruali hiyo itazitia madoa nguo zako nyingine, viti na begi lako.

Kipimo cha nne ni muhimu zaidi kuliko watu wanavyodhani. Shika ukanda wa suruali kwa mikono miwili, uache miguu ining'inie. Mshono wa pembeni unapaswa kushuka wima kutoka kiunoni hadi kwenye pindo. Ukiona umeanza kuzunguka kuelekea mbele ya goti, ujue kitambaa kilikatwa kwa upogo au hakikutulizwa ipasavyo kiwandani, na kila utakapofua mguu utazidi kujisokota. Hakuna fundi wa kuunyoosha.

Mtumba una nafuu ambayo wanunuzi wachache huitaja: umekwisha kufuliwa. Kama kitambaa kilikuwa cha kunywea, kimeshanywea. Kama kilikuwa cha kuchuja, kimeshachuja. Kama mguu ulikuwa wa kujisokota, utauona umejisokota papo hapo. Kasoro zake ziko wazi kwa mwenye subira ya kukagua, na ukaguzi uanzie mahali ambapo suruali hufia, yaani pale mishono minne inapokutana katikati ya mapaja. Ingiza mkono ndani, tandaza sehemu hiyo juu ya vidole, uielekeze kwenye mwanga. Ukiona mwanga unapenya na nyuzi za buluu zimeisha zikabaki nyeupe tu, irudishe suruali hiyo hata kama sehemu nyingine zote zinang'aa. Baada ya hapo angalia magoti, kisigino cha pindo, vitambaa vya ndani ya mifuko, na zipu. Zipu mbovu au kifungo kilichopotea visikukimbize, kwa sababu fundi huvibadilisha kwa gharama ndogo. Tena kasoro hizo ndizo zinazokupa nguvu ya kuomba bei ishuke.

Sasa tupige hesabu. Tuseme jinzi mpya ya shilingi 15,000 imedumu miezi minne, nawe unaivaa mara mbili kwa wiki. Utakuwa umeivaa kama mara 34, na kila siku ya kuivaa imekugharimu takriban shilingi 440. Mtumba wa shilingi 25,000 uliokaguliwa vizuri, ukidumu mwaka mmoja na nusu kwa uvaaji ule ule, utakuwa umevaliwa mara 156 hivi, na kila siku imekugharimu shilingi 160. Shilingi 5,000 zinazobaki usizitumie kuongezea suruali ya bei kubwa zaidi. Zitenge kwa ajili ya fundi, maana ni nadra sana suruali ya sokoni kumkaa mtu sawasawa bila kuguswa na cherehani.

Siyasemi haya kwa kuwa naichukia nguo mpya. Ukiikuta mpya iliyofaulu vipimo vyote vinne na iko ndani ya uwezo wako, inunue kwa moyo mkunjufu. Ninachokuomba ni usinunue mbili dhaifu kwa fedha inayotosha moja imara.

Kupima suruali shingoni

Swali: Habari za kazi. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Mwanza, na nguo zangu nyingi nanunua soko la Mlango Mmoja. Nina nyonga pana na kiuno chembamba. Huwa napima suruali kwa kuizungusha shingoni kama wauzaji wanavyotufundisha, lakini nikifika nyumbani ama haipiti kwenye mapaja, ama inapita na kuniachia uwazi mkubwa mgongoni. Nakosea wapi?

Jibu: Nzuri, dada yangu, na ahsante kwa swali ambalo wengi wanalo. Hukosei kufuata ulichofundishwa. Kipimo chenyewe ndicho chenye upungufu. Kuzungusha ukanda uliofungwa kifungo shingoni hutegemea dhana kwamba mzunguko wa shingo ni karibu nusu ya mzunguko wa kiuno. Kwa baadhi ya watu dhana hiyo inakaribia ukweli, lakini wapo wengi ambao shingo na kiuno havifuatani namna hiyo, hasa baada ya uzazi au mtu anaponenepa na kukonda. Kuna kasoro ya pili: jinzi nyingi za siku hizi hazifiki kiunoni, hukaa chini ya kitovu au juu ya nyonga, kwa hiyo ukanda unaoupima shingoni si wa kuzunguka kiuno hata kidogo. Na shingo, hata ikiwa sahihi kabisa, haiwezi kukueleza lolote kuhusu nyonga wala mapaja, na kwa umbo lako hapo ndipo kwenye jibu.

Fanya hivi. Nyumbani, chukua suruali moja inayokukaa vizuri, hata kama imechakaa, uilaze juu ya kitanda na kuinyoosha bila kuivuta. Kwa futi kamba ya fundi, pima upana wa ukanda kutoka pembe hadi pembe; pima upana wa nyonga pale zipu inapoishia; pima paja, inchi moja chini ya ule mshono wa katikati ya miguu; kisha pima kina cha mbele, yaani kutoka kwenye mshono huo kupanda hadi ukingo wa juu wa ukanda. Mwisho pima urefu wa mguu kwa ndani. Andika namba hizo kwenye simu. Ukienda sokoni, omba kila suruali unayoipenda ilazwe juu ya meza au juu ya robota, uipime kwa futi ile ile. Kama huna futi, uzi wenye mafundo utafanya kazi hiyo.

Usitegemee sana namba iliyo kwenye lebo. Suruali iliyoandikwa W32 L34 inapaswa kuwa na kiuno cha inchi 32 na mguu wa inchi 34, lakini viwanda vingi huongeza nafasi kimyakimya, na suruali iliyofuliwa miaka mitatu huwa imebadilika. Namba za nguo za kike zinachanganya zaidi, kwa kuwa 12 ya Uingereza hulingana kwa kawaida na 8 ya Marekani na 40 ya nchi nyingi za Ulaya, na katika robota moja zote huweza kuwamo.

Kwa umbo lako, kanuni ni moja: nunua kwa kipimo cha nyonga na mapaja, na kiuno mwachie fundi. Fundi anayeijua kazi yake atafungua ukanda katikati ya mgongo, apunguze mshono wa nyuma kuanzia juu na kuufifisha kuelekea makalioni, kisha aurudishe ukanda. Kwa njia hiyo anaweza kuondoa hadi inchi 2 hivi bila suruali kuharibika. Akizidisha, mifuko ya nyuma itasogeleana na kuonekana kama imebanwa katikati. Njia nyepesi zaidi, inayokufaa ikiwa uzito wako hubadilika, ni kupitisha mpira ndani ya ukanda wa nyuma. Kinyume chake hakiwezekani. Suruali iliyobana nyonga haina nyama ya kuachia, kwa sababu viwandani huacha kitambaa kidogo sana ndani ya mishono, na kina cha mbele kikiwa kifupi hakuna cherehani inayoweza kukirefusha. Ndiyo maana nasisitiza upime hayo mawili kwa makini kuliko kiuno.

Siku ya kwenda sokoni vaa dera au sketi pana na taiti ndani yake, ili uweze kuijaribu suruali papo hapo bila kutafuta chumba. Ukishaivaa usisimame tu mbele ya kioo cha muuzaji. Chuchumaa, inama kama unayefunga kamba za viatu, kisha keti kwenye kibao. Suruali inayokukata tumbo ukiwa umeketi itakukata kila siku kwenye daladala.

Kuhusu urefu, ikiwa ni mpya na ya pamba tupu, ifue kwanza ndipo ikatwe, kwani huenda ikanywea kidogo. Mwombe fundi akuhifadhie pindo la asili, yaani akate juu yake, apunguze urefu, halafu alirudishe pindo lile lile lenye rangi iliyopauka. Kazi hiyo huchukua muda zaidi, lakini suruali haitaonekana kama imekatwa. Kile kipande kinachobaki usikitupe. Nitaeleza matumizi yake katika jibu la mwisho.

Nembo ya kweli na ya bandia

Swali: Mambo vipi mshauri. Niko Temeke, Dar es Salaam, kazi yangu ni bodaboda. Karume na Mtaa wa Kongo kuna jinzi zenye nembo ya Levi's za bei tofauti kabisa, na kila muuzaji anaapa kwamba yake ndiyo halisi. Nitajuaje?

Jibu: Poa, mdogo wangu. Nitakujibu, lakini kwanza nikuulize: nembo hiyo unaitaka kwa sababu ya kuonekana, au kwa sababu ya uimara? Kwa mtu anayekaa juu ya pikipiki kutwa nzima, naamini ni uimara, na uimara unaweza kuukagua bila kusoma nembo.

Sifa ya jina hilo ilianzia kwenye ushonaji. Mwaka 1873, mfanyabiashara wa San Francisco aitwaye Levi Strauss na fundi cherehani wa Reno, Jacob Davis, walipewa hataza, yaani haki ya kisheria ya uvumbuzi, nchini Marekani ya kuimarisha mifuko ya suruali za kazi kwa ribiti, vile vifungo vidogo vya chuma unavyoviona kwenye pembe za mifuko. Vibarua walikuwa wakiichana mifuko yao, na Davis aligundua kwamba ribiti ikipenya matabaka yote ya kitambaa, mfuko hauchaniki. Basi anza na hizo ribiti. Geuza suruali ndani nje uone kama kila ribiti imepenya na kufungwa kwa upande wa pili. Ya bandia mara nyingi hubandikwa juu kama pambo, na ukiitingisha inacheza.

Kagua kisha mishono. Mshono wa ndani wa mguu au wa makalio unapaswa kuwa na mistari miwili ya uzi, na kingo za kitambaa ziwe zimekunjwa na kufichwa ndani ya mshono, angalau kwa upande mmoja wa mguu. Suruali ambayo mishono yake yote imepigwa ovaloki peke yake na mstari mmoja wa uzi mwembamba haitavumilia kazi yako. Penye kuvutwa sana, mathalani kwenye mashikio ya mkanda na mwisho wa zipu, tafuta vifundo vya uzi vilivyoshonwa kwa kurudiwarudiwa. Lebo ndogo ya ndani inayotaja aina ya kitambaa nayo isome: pamba asilimia 98 au 99 na elastini asilimia 1 au 2 ni mchanganyiko mzuri kwa dereva, kwa sababu suruali inavutika kidogo unapoinua mguu. Elastini ikizidi sana, kama ilivyo kwenye modo nyingi, yaani suruali za kubana, kitambaa kinachoka mapema. Vuta goti kwa upana uliachie, na lisiporudi mahali pake ujue mpira umekwisha kufa.

Suruali iliyofaulu hayo yote na haina nembo yoyote ni bora kwako kuliko yenye nembo iliyoshindwa, na mara nyingi bei yake itakuwa ndogo zaidi.

Chumvi na siki

Swali: Dada yangu wa Tanga anasema jinzi mpya ilowekwe kwenye maji ya chumvi na siki usiku kucha ili isichuje. Je, ni kweli?

Jibu: Ushauri huo ni wa kale na umeenea sana, lakini kwa nili hausaidii. Chumvi hutumika kiwandani kusaidia aina nyingine za rangi kuingia ndani ya pamba wakati wa kutia rangi; nili tayari imeshakauka juu ya uzi na haitagandishwa na chumvi wala siki. Kinachopunguza kuchuja ni kuifua suruali ikiwa imegeuzwa ndani nje, katika maji baridi, peke yake kwa mara chache za mwanzo, bila kuisugua kwa brashi, na kuianika kivulini. Jiki isikaribie kabisa, kwani hula rangi na pia huharibu elastini.

Mtumba na magonjwa ya ngozi

Swali: Shikamoo. Mume wangu hataki mitumba iingie ndani, anasema inaleta upele. Tunaishi Dodoma, mishahara yetu ni midogo, na watoto wanahitaji suruali. Nimwelezeje?

Jibu: Marahaba. Hofu ya mzee wa nyumba ina msingi wake na haifai kupuuzwa, ingawa haipaswi kuwazuia. Vijidudu vinavyosababisha upele huishi kwenye ngozi ya binadamu, na vikiondolewa mwilini kwa kawaida havidumu zaidi ya siku 2 au 3. Nguo zilizofungwa katika robota na kusafirishwa kwa meli kwa wiki nyingi haziwezi kuvileta vikiwa hai kutoka Ulaya. Hatari ndogo iliyopo ni ya hapa hapa sokoni, pale watu wengi wanapojaribu suruali moja, pamoja na fangasi ambao mbegu zake huvumilia muda mrefu zaidi.

Kwa sababu hiyo, suruali ikifika nyumbani isivaliwe wala kuwekwa kabatini na nguo nyingine kabla ya kufuliwa. Iloweke kwa sabuni ya unga, uifue kwa maji ya moto ikiwa ni ya pamba tupu, au ya uvuguvugu ikiwa ina elastini, uisuuze hadi maji yawe safi, uianike hadi ikauke kabisa, kisha uipige pasi ndani na nje, hasa kwenye mishono na ukanda. Pasi ina faida nyingine ambayo haihusu mitumba peke yake. Jinzi ni nzito na hukawia kukauka, na kuna nzi ambao hutaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa nje. Funza wake huingia kwenye ngozi ya mvaaji na kutoa majipu. Joto la pasi huyaua mayai hayo. Mwombe mumeo akusaidie kufua ile ya kwanza, aone mwenyewe. Na ikitokea mtoto amewashwa kwa siku kadhaa, mpeleke zahanati bila kubishana ni nguo gani iliyosababisha.

Bei za Kongowea

Swali: Assalamu alaykum. Mimi ni mpishi katika hoteli moja Nyali, Mombasa. Nikienda Kongowea asubuhi naitishwa bei ya juu kwa jinzi, na jirani yangu akienda jioni ananunua kwa nusu yake. Je, naonewa?

Jibu: Waalaykumu salaam, ndugu yangu. Huonewi, ila mnanunua vitu viwili tofauti. Muuzaji hununua robota bila kulifungua. Robota la kilo 45, ikiwa kila jinzi ya kiume ina uzito wa gramu 600 hadi 800, linaweza kuwa na suruali kati ya 56 na 75, na miongoni mwake zimo zilizochanika, zenye madoa na zenye vipimo ambavyo hakuna anayevitaka. Hasara ya hizo lazima ifidiwe na zile nzuri. Ndiyo sababu, robota linapofunguliwa asubuhi, chaguo la kwanza, lile ambalo wafanyabiashara wa Kenya huliita kamera, huuzwa kwa bei ya juu, na kadiri siku inavyosonga mabaki hushushwa bei ili mtaji urudi.

Mwenye vipimo vya kawaida, tuseme kiuno cha inchi 32 au 34, ana washindani wengi na huenda ikambidi awahi. Mwenye vipimo vya pembeni, kiuno cha 28 au cha 40, anaweza kwenda jioni kwa utulivu kwa kuwa suruali zake humsubiri. Wewe unajijua. Na unapopatana bei, mwoneshe muuzaji kasoro uliyoiona kwa adabu, taja bei unayoweza kuilipa kweli, na usiichane bidhaa yake kwa maneno mbele ya wateja wengine. Wauzaji hukumbuka watu, na mteja anayeheshimika huwekewa suruali ya kipimo chake kabla haijatundikwa.

Wapo walioniuliza pia kuhusu jinzi zinazouzwa mitandaoni. Jibu langu ni fupi: mwombe muuzaji picha ya suruali ikiwa imelazwa na futi juu ya ukanda na juu ya nyonga, picha ya lebo ya ndani, na picha ya katikati ya mapaja. Asiyetaka kuzituma, msimtumie fedha kabla ya kuiona suruali.

Jinzi inayoisha katikati ya mapaja

Swali: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi Iringa, mnene wa mapaja. Kila jinzi yangu hulika katikati ya mapaja ndani ya mwaka mmoja, ilhali sehemu nyingine bado ni nzima. Je, ninunue aina gani?

Jibu: Mwalimu, hakuna jinzi isiyolika pale mapaja yanaposuguana; kuna inayochelewa na inayowahi. Chagua kitambaa kizito kisicho na poliesta nyingi, na uhakikishe paja lina nafasi ya kushikika kwa vidole viwili ukiwa umeketi, kwani suruali iliyobana hulika haraka zaidi. Bwanga au mguu ulionyooka utakufaa kuliko modo.

Lakini jambo litakalokuokolea fedha nyingi zaidi ni kuwahi kwa fundi. Usisubiri tundu. Kila baada ya kufua, elekeza sehemu hiyo kwenye mwanga, na pindi utakapoona kitambaa kimeanza kuwa chembamba, ipeleke. Mwombe fundi aweke kiraka kwa ndani, kikubwa kuliko sehemu iliyochakaa kwa inchi moja kila upande, kisha apitishe cherehani mbele na nyuma kwa mistari iliyokaribiana, kwa uzi wa rangi ya suruali yenyewe na si ule wa njano wa mapambo. Kiraka kikiwekwa juu ya kitambaa ambacho bado kina uhai hushika vizuri na hakionekani unapotembea. Kikiwekwa baada ya tundu kufunguka, kingo zake huendelea kuchanika pembeni. Kwa kiraka hicho tumia kile kipande kilichokatwa kwenye mguu siku ya kupunguza urefu, kwa sababu unene, rangi na mvutiko wake vinalingana na suruali. Kama ulishakitupa, mafundi wengi huwa na mabaki ya jinzi chini ya cherehani zao, nawe chagua lililo jepesi kidogo kuliko suruali yako, kwa kuwa kiraka kizito huvuta kitambaa kilichochoka na kukichana ukingoni.